Geji ya Bunduki ya Zamani ya Mitutu Miwili: Kwa Nini Nambari Iliyogongwa Haitoshi

Mtu anayerithi bunduki ya zamani ya mitutu miwili, au anayepewa kazi ya kuikagua, kwa kawaida huanza kwa kutafuta nambari. Huifungua, hufuta vumbi na mafuta yaliyoganda, na chini ya mitutu huikuta imegongwa: 13. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa kuwa risasi za geji 13 haziuzwi madukani, na wengi huishia kuamini kwamba bunduki hiyo ni ya aina isiyojulikana au kwamba risasi zake ziliacha kutengenezwa zamani. Ukweli ni kwamba katika bunduki nyingi za Kiingereza zilizopita kwenye nyumba za majaribio (vituo ambako mitutu hupigwa kwa mzigo mkubwa ili kuthibitisha uimara wake) kati ya mwaka 1855 na 1887, nambari hiyo haikuwekwa ili kumwelekeza mtumiaji atie risasi gani. Iliwekwa kurekodi upana wa tundu la mtutu kama ulivyopimwa siku ile ya majaribio, na bunduki yenyewe huenda ilitengenezwa kwa ajili ya risasi za geji 12 tangu siku ya kwanza.

Kosa katika jambo hili huumiza watu. Mtutu unaopewa risasi isiyo yake hupasuka mara nyingi pale ambapo mkono wa kushoto wa mpigaji umeushika, na bunduki ya mitutu miwili iliyodumu zaidi ya miaka mia moja haina chuma cha ziada cha kusamehe makosa. Kwa hiyo inafaa kulifungua fundo hili taratibu, kuanzia na maana ya geji yenyewe.

Geji ni kipimo cha kale kilichotokana na uzito. Chukua ratili moja ya Kiingereza ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, uigawe katika tufe zinazolingana. Ikiwa tundu la mtutu linapokea barabara tufe moja kati ya 12 zilizotokana na ratili hiyo, mtutu huo ni wa geji 12. Likipokea tufe moja kati ya 20, ni wa geji 20. Ndiyo maana nambari inapopanda tundu hupungua, jambo linalowashangaza wanaolikuta kwa mara ya kwanza. Tufe la geji 12 lina uzito wa gramu 37.8, na tufe la geji 16 lina uzito wa wakia moja kamili, kwa kuwa ratili ina wakia 16. Anayetaka kupata kipenyo kwa milimita anaweza kugawanya 42.4 kwa kipeuo cha tatu cha geji: geji 10 hutoa takriban milimita 19.7, geji 12 hutoa 18.5, geji 13 hutoa 18.0, geji 14 hutoa 17.6, geji 16 hutoa 16.8, geji 20 hutoa 15.6, na geji 28 hutoa 14.0.

Tazama jinsi hatua hizo zilivyo fupi. Kati ya geji 12 na 13 ipo nusu tu ya milimita, na kati ya 13 na 14 haifiki hata hiyo. Anayepima kwa rula ya shule atakuwa anabahatisha. Isitoshe, wapo wageni katika mfumo huu ambao huongeza utata. Risasi ya .410 ni kaliba, si geji: nambari yake ni kipenyo kwa sehemu za inchi, sawa na milimita 10.4, na kama ingehesabiwa kwa tufe za ratili ingekuwa karibu na geji 68. Hata hivyo watengenezaji wa bara la Ulaya wameizoea kuiita 36, ilhali geji 36 ya kweli kwa hesabu ya tufe ingekuwa na tundu la milimita 12.8. Mtu akiona 36 kwenye bunduki ndogo ya Kibelgiji asikimbilie kwenye kikokotoo kabla hajapima.

Kiini cha tatizo lote ni kwamba bunduki inayofunguliwa kwa nyuma haina upana mmoja. Ina pande tatu tofauti, na kila moja inaweza kutajwa kwa nambari yake. Nyuma kabisa ipo chemba, ambamo risasi nzima hukaa pamoja na ganda lake. Mbele ya chemba upo mteremko mfupi unaolisinyaza tundu, kisha linafuata tundu lenyewe, ambalo limekusudiwa lilingane takriban na upana wa ndani wa ganda ili mzigo wa marisau, yaani vitufe vidogo vingi vilivyo ndani ya ganda, uingie mtutuni bila kukwama wala kulegea. Mwishoni, kwenye mdomo, mara nyingi tundu hubanwa kidogo ili marisau yasitawanyike mapema, na kubanwa huko ndiko mafundi wanakokuita choki. Chemba ya geji 12 ina upana wa karibu milimita 20.6 upande wa nyuma na 20.3 upande wa mbele. Tundu lake linazunguka 18.5, na mdomo uliobanwa sana unaweza kushuka hadi 17.5. Hivyo mtu anayepima mdomo wa bunduki halali ya geji 12 anaweza kupata kipimo cha geji 14 na kuondoka akiwa na hakika kamili ya jambo lisilo kweli.

Katika pande hizo tatu, chemba peke yake ndiyo inayoamua risasi gani iingie. Tundu na mdomo hueleza tabia ya mtutu, si chakula chake.

Kabla ya kusoma mihuri, hata hivyo, ni lazima kujua bunduki hiyo ni ya kizazi gani, kwa sababu si kila bunduki ya mitutu miwili ina chemba. Zile zinazoshindiliwa kwa mbele, ambazo kwetu huitwa magobori, hazifunguki nyuma. Mahali pa chemba zina vichuchu viwili vya chuma vya kuvalishwa fataki, na nyundo mbili za kuzipiga. Katika hizo geji ni upana wa tundu na si kingine, na kwa kuwa mmiliki alishindilia baruti na marisau kwa mkono wake mwenyewe, mtengenezaji hakuwa na sababu ya kufuata vipimo vya kiwandani. Ndiyo maana geji za 11, 13, 14, 15 na hata 17 zilikuwa za kawaida kabisa enzi hizo. Kizazi kilichofuata ni cha risasi zenye pini, kilichoanzia Paris katika miaka ya 1830 kwa kazi ya Casimir Lefaucheux. Ganda lake lilikuwa na sindano ndogo ya shaba iliyochomoza ubavuni, na nyundo iliipiga sindano hiyo kutoka juu. Bunduki ya namna hiyo hutambulika mara moja: juu ya kila mtutu, ukingoni kabisa mwa nyuma, pana kijitundu cha kupitishia pini. Kuanzia miaka ya 1860 risasi zinazopigwa katikati ya kitako zikaanza kuenea nchini Uingereza, na ndizo tulizonazo hadi leo. Zipo bunduki za pini zilizobadilishwa baadaye zipokee risasi za katikati, na vijitundu vyao vikazibwa. Mabadiliko ya aina hiyo ni sababu tosha ya kutoamini nambari yoyote bila kipimo kipya.

Lipo jambo moja kuhusu magobori ambalo nalitaja kwa uzito wote. Mengi yaliwekwa ukutani yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa kupita kwa miaka. Inaweza kuwaka baada ya karne nzima. Anayetaka kulipima gobori na aondoe kwanza fataki kama zipo, kisha aingize ufito wa mbao ndani ya kila mtutu mpaka uguse mwisho, autie alama penye mdomo, autoe na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ufito ukifika usawa wa vichuchu, mtutu ni mtupu. Ukikomea sentimita kadhaa kabla ya hapo, ndani kuna kitu, na kazi ya kukitoa ni ya fundi bunduki. Katika bunduki inayofunguka nyuma uhakiki ni rahisi zaidi, lakini usifanywe kwa mtutu mmoja tu: mitutu ni miwili, na yote miwili itazamwe hadi mwanga uonekane upande wa pili.

Sasa tuje kwenye mihuri. Haipo juu ya mtutu, mahali penye jina la duka na nakshi. Ipo chini, kwenye bapa la chuma lililo upande wa chini wa chemba, ambalo huonekana baada ya kuondoa kipande cha mbao cha mbele na kuitenganisha mitutu na kitako. Uchafu wa hapo husafishwa kwa mafuta mepesi na mswaki wa zamani, na herufi zilizofifia husomeka vizuri zaidi chini ya kurunzi iliyolazwa ubavuni kuliko chini ya mwanga wa kutoka juu. Msasa usitumike kamwe. Nimeona mitutu iliyong'arishwa kwa bidii na upendo mpaka historia yake yote ikatoweka, na hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Nchini Uingereza nyumba za majaribio ni mbili. Ya London iko chini ya chama cha watengeneza bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637, na ya Birmingham iliundwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1813. Kazi yake ni kupiga kila mtutu kwa mzigo mkubwa kuliko wa kawaida. Ukistahimili unagongwa muhuri, ukishindwa hauruhusiwi kuuzwa. Muhuri wa Birmingham wa kabla ya 1904 hutambulika kwa fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, ukiwa na herufi BPC au V. Kanuni za mwaka 1855 ndizo zilizoleta nambari ya geji kwenye mitutu, na namna ilivyopatikana ndiyo inayoieleza ile 13 tuliyoanza nayo. Mpimaji alikuwa na seti ya vyuma vya mviringo, kila kimoja kikiwa na upana wa geji yake. Aliandika nambari ya chuma kikubwa kabisa kilichokubali kuingia. Mtutu uliotobolewa milimita 18.4 ulikikataa chuma cha geji 12, chenye 18.5, hata kama upungufu ulikuwa wa sehemu ndogo ya milimita. Ukakikubali cha 13, na ukagongwa 13. Mtengenezaji alikuwa amekusudia geji 12, chemba ilikuwa ya geji 12, na mnunuzi wa wakati huo alilijua hilo bila kuambiwa.

Choki iliposhika kasi katika miaka ya 1870, kanuni za mwaka 1875 ziliongeza jambo jingine. Mitutu iliyobanwa mdomo ikaanza kugongwa vipimo viwili, kwa mfano 12B na chini yake 14M, herufi ya kwanza ikiwa ya upande wa nyuma wa tundu na ya pili ikiwa ya mdomo, pamoja na maneno NOT FOR BALL, yaliyomwonya mtumiaji asipige tufe moja kubwa la risasi katika mtutu uliobanwa. Hapo watu wengi husoma 14 na kudhani ndiyo geji, kumbe wanasoma mdomo. Mwaka 1887 ndipo utaratibu ulipokuja kutuhurumia sisi wasomaji wa baadaye: ukaletwa muhuri wa umbo la almasi wenye nambari juu na herufi C chini, na muhuri huo unataja chemba. Ukiuona almasi wenye 12 na C, umepata jawabu la risasi, hata kama kando yake imegongwa 13 au 13/1. Alama hizo zenye mkwaju si sehemu za ratili wala si tarehe. Ni hatua za kati za upana wa tundu, 13/1 ikiwa inchi 0.719 na 12/1 ikiwa inchi 0.740. Kanuni za mwaka 1954 ziliacha mtindo huo na kuandika upana wa tundu kwa inchi moja kwa moja, kama .729, pamoja na urefu wa chemba na shinikizo kwa tani.

Ubelgiji ina sura yake. Liège ilikuwa mji wa bunduki kwa karne nyingi na ilisafirisha mamia ya maelfu ya silaha nje, nyingi zikiwa za bei nafuu. Muhuri wake unaojulikana kuliko yote ni herufi ELG pamoja na nyota ndani ya yai, na taji liliongezwa juu ya yai hilo mwaka 1893. Mitutu ya Kibelgiji mara nyingi hutaja upana wa tundu kwa milimita, kwa mfano 18.2, na ikiwa imebanwa huandikwa neno choke likifuatwa na vipimo viwili. Geji ya chemba huja ndani ya almasi pamoja na herufi C, kama kwa Waingereza. Muhuri wa Liège una faida ya ziada, nayo ni kufichua jina la uongo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa Marekani, miongoni mwao kampuni ya H. & D. Folsom ya New York, waliagiza bunduki za Liège zikiwa zimechorwa majina yaliyofanana na ya mafundi mashuhuri wa Uingereza, jina W. Richards, lililomfanya mnunuzi amfikirie Westley Richards wa Birmingham, ni mfano maarufu. Kwa hiyo anayejaribu kupata geji kwa kutafuta orodha ya mtengenezaji aliyeandikwa ubavuni anaweza kutafuta kwa muda mrefu katika nchi isiyo yenyewe.

Bunduki za Kijerumani zilizotengenezwa baada ya sheria ya majaribio ya mwaka 1891 kuanza kutumika hubeba herufi zenye taji juu yake, U kwa ukaguzi, G kwa mtutu wenye mifereji ya kuzunguka ndani yake na W kwa mtutu uliobanwa mdomo, na mara nyingi geji huwekwa ndani ya duara. Kwa Marekani hali ni tofauti kabisa, kwa sababu nchi hiyo haikuwahi kuwa na sheria ya kitaifa ya kulazimisha majaribio ya bunduki. Viwanda vyake vikubwa viligonga geji kwa hiari, na vingi vya bunduki za bei ya chini havikugonga chochote. Bunduki ya Kimarekani isiyo na nambari hata moja ni jambo la kawaida.

Katika Afrika Mashariki mihuri hii yote inaweza kukutana katika wilaya moja, kwa kuwa Wajerumani walitawala Tanganyika, Waingereza wakawafuata huko na pia walitawala Kenya na Uganda, na Wabelgiji walikuwa Congo, Rwanda na Burundi. Bunduki za wageni hao, na za wafanyabiashara waliowafuata, hazikuondoka zote pamoja nao.

Pasipo muhuri unaosomeka, au pale ambapo muhuri unapingana na akili, hubaki kipimo. Kifaa chake ni kalipa ya vania au ya kidijitali, na pahali pa kupima ni nyuma ya mtutu. Ukitazama ukingo wa nyuma utaona kwanza kijikingo kifupi kilichochongwa kupokea ukosi wa kitako cha risasi. Kwa geji 12 kijikingo hicho kina upana wa karibu milimita 22.5, kwa geji 16, karibu 20.7, kwa geji 20, karibu 19.5. Makosa mengi ya wapimaji wapya hutokea hapa, kwa kuwa wanapima kijikingo wakidhani wanapima chemba. Midomo ya kalipa ipitishwe ndani zaidi, mbele ya kijikingo, na hapo geji 10 itatoa karibu 21.7, geji 12 karibu 20.6, geji 16 karibu 18.9, na geji 20 karibu 17.7. Tofauti kati ya chemba moja na nyingine inazidi milimita moja, hivyo kalipa ya kawaida inatosha kuzitenganisha, jambo ambalo kwa tundu la mtutu si kweli. Kila mtutu upimwe peke yake. Kipimo kikiangukia katikati ya geji mbili, kwa mfano milimita 19.7, usikisukume upande unaoupenda: huenda chemba imeliwa na kutu, imechongwa upya, au ni ya moja ya geji za kale kama 14, ambayo risasi zake hutengenezwa kwa nadra mno.

Fundi mwenye uzoefu atakwenda mbali zaidi na kumimina ndani ya chemba, baada ya kuziba mbele yake, aloi maalumu yenye bismuthi ambayo huyeyuka kwa joto lililo chini ya lile la maji yanayochemka. Ikishaganda hutolewa ikiwa nakala ya chemba yote: upana wa nyuma, upana wa mbele, urefu, na mahali mteremko unapoanza. Kwa bunduki ambayo mihuri yake imefutika, njia hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine zote, kwa sababu inaonyesha pia kama chemba ilirefushwa wakati fulani katika maisha yake.

Njia ambayo haifai hata kidogo ndiyo inayowajia watu haraka: kuchukua risasi za geji mbalimbali na kuona ipi inaingia. Risasi ya geji 20 huingia ndani ya chemba ya geji 12 bila kizuizi, kwa sababu ukosi wake, wenye upana wa milimita 19.4 hivi, ni mwembamba kuliko chemba. Huteleza mbele na kukwama kwenye mteremko, na hapo haionekani vizuri kutoka nyuma. Mtu anayedhani chemba ni tupu anaweza kutia risasi ya geji 12 nyuma yake, nayo ikaingia na bunduki ikafunga kama kawaida. Akivuta kifyatulio, mzigo wa nyuma unakutana na risasi nzima iliyoziba njia, na mtutu unapasuka. Kwa sababu ya ajali za namna hiyo watengenezaji wa risasi wa Marekani walikubaliana kuitengea geji 20 rangi ya njano, na rangi hiyo imeenea. Lakini maganda ya karatasi ya zamani yanaweza kuwa ya rangi yoyote, na mtu mwenye bunduki ya zamani mara nyingi ndiye mwenye kopo la risasi za zamani.

Tuseme sasa geji imethibitika: almasi unasema 12, na kalipa inakubali. Wengi husimama hapo na kwenda dukani. Mimi nadhani hapa ndipo hatari iliyojificha zaidi inapoanza, kwa maana geji hutaja upana tu na haitaji urefu. Bunduki nyingi za Kiingereza za geji 12 zilichongwa chemba ya inchi mbili na nusu, ambayo kwenye maganda ya sasa huandikwa milimita 65. Za bara la Ulaya nyingi ni 65 pia. Na za Kimarekani za geji 16 za kabla ya miaka ya 1930 zilikuwa na inchi 2 na 9/16, ambayo ni milimita 65. Risasi inayopatikana kwa urahisi leo ni ya milimita 70. Anayeitia ndani ya chemba ya 65 haoni upinzani wowote, na sababu yake ni kwamba urefu ulioandikwa kwenye ganda ni wa ganda lililokwisha kupigwa, mdomo wake ukiwa umekunjuka. Kabla ya kupigwa, mdomo umekunjwa ndani na risasi nzima inaweza kuwa na milimita 60 tu au pungufu. Inapolipuka, mkunjo unafunguka mbele na kuingia kwenye mteremko, mahali ambapo tundu tayari linasinyaa. Njia ya marisau inabanwa katika sekunde ile ile ambayo shinikizo liko juu kabisa. Bunduki inaweza kustahimili mara kadhaa. Mmiliki huhisi teke kali begani na kudhani ndiyo tabia ya bunduki za kale, huku chuma na mbao vikiendelea kulegea.

Urefu wa chemba unaweza kukadiriwa kwa kutazama ndani kwa kurunzi na kutafuta mstari mwembamba wa kivuli pale chemba inapokoma na mteremko unapoanza, kisha kupima hadi hapo kwa rula nyembamba kutoka ukingo wa nyuma. Huo ni makadirio tu. Fundi anacho kipimo cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa bunduki ambayo imewahi kupita mikononi mwa watu wengi sioni sababu ya kuridhika na kilicho pungufu ya hapo.

Baada ya upana na urefu linabaki swali la baruti, na jibu lake nalo limegongwa kwenye bapa lile lile. Mitutu iliyojaribiwa kabla ya baruti isiyo na moshi kuenea ilijaribiwa kwa baruti nyeusi pekee. Nyumba za Uingereza zilianza kugonga maneno NITRO PROOF, yaani jaribio la baruti isiyo na moshi, kwa kanuni za mwaka 1896, yakifuatana na uzito wa juu wa marisau kwa wakia. Ukiona 1⅛ karibu na maneno hayo, hiyo si geji bali ni mzigo. Ubelgiji ilianza mwaka 1898 kugonga herufi PV pamoja na simba kwa mitutu iliyojaribiwa kwa baruti mpya. Kukosekana kwa alama hizi kunamaanisha kwamba hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa mtutu huo unaweza kubeba risasi za leo, hata zikiwa za geji na urefu sahihi.

Tahadhari hiyo huongezeka kwa mitutu ya Damaski. Hii ilitengenezwa kwa vipande vya feleji na chuma laini vilivyosokotwa pamoja, vikazungushwa kwenye ufito kama mkeka unavyosukwa, kisha vikaunganishwa kwa moto na nyundo. Ndiyo maana juu yake huonekana mawimbi na maua yanayojirudia. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na baadhi yake ilifaulu majaribio ya nitro. Lakini kila mshono ni mahali ambapo unyevu na masalia ya baruti huweza kuingia na kula kutoka ndani, na macho hayawezi kuona ulaji huo. Unene wa kuta za mtutu hupimwa kwa kifaa maalumu kando ya urefu wake wote, hasa sentimita 20 hadi 25 kutoka nyuma, eneo ambalo chuma huwa chembamba wakati shinikizo bado ni kubwa.

Kwa upande wa sheria, kipimo chenyewe kinatakiwa kifanywe na mtu mwenye haki ya kuishika silaha hiyo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Katika nchi zote mbili kurithi mali ya marehemu hakumpi mrithi kibali cha kumiliki bunduki iliyokuwa ndani ya mali hiyo. Bunduki iliyokutwa darini au sandukuni itolewe taarifa polisi kwanza, na ukaguzi wa fundi ufuate kwa idhini yao. Inapofika kwenye hati, mwenye bunduki anufaike na kazi aliyokwisha kuifanya kwa kutaka iandikwe kila kitu kilichothibitishwa kwa kipimo badala ya nambari moja iliyonakiliwa kutoka mtutuni: geji ya chemba ni 12, urefu wa chemba ni milimita 65, tundu limegongwa 13, muhuri ni wa Birmingham wa kabla ya 1887, majaribio yalikuwa ya baruti nyeusi.